Dirt ya Alice in Chains: giza zito, sauti mbili

Hii albamu haipigi hodi. Unabonyeza pleyi, hakuna utangulizi wala gitaa la kukuandaa, sekunde ya kwanza tu jamaa anapiga ukelele na gitaa zito linatua nae palepale, kisha anapiga tena, na tena, na tena, kila ukelele umekaa juu ya mpigo kama mtu anayechomwa na kitu kwa zamu. Hiyo ndo Them Bones, ngoma inayofungua Dirt ya Alice in Chains, albamu iliyotoka Septemba 1992, na ndani ya dakika mbili na nusu ngoma imeisha na we umeshajua umeingia nyumba gani.

Jaribu kuhesabu mpigo wake kwenye beti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, halafu pale unapotegemea nane rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, imeshaanza upya. Mara ya kwanza nilipoisikia sikujua kwanini inanitia wasiwasi, nilihisi tu kama nashuka ngazi gizani na kidato cha mwisho hakipo, baadae sana ndo nikakaa nikahesabu kwa vidole nikaelewa wanachofanya. Kiitikio kikija mpigo unarudi kuwa wa kawaida, unapumua kidogo, kisha wanakurudisha kwenye saba. Na maneno yake yanahusu mifupa, yaani Jerry Cantrell, mpiga gitaa aliyeiandika, anasema mwisho wetu sote ni rundo la mifupa na yeye hiyo habari inamkera, anaisema kavu hivyohivyo bila kubembeleza mtu. Na hapo ndo wanakukaribisha.

Nimekaa na hii albamu miaka mingi, kwenye hedifoni, kwenye spika ndogo za ovyo, usiku nikiwa sina usingizi na mchana nikiwa na kazi, na kila nikisoma watu wanavyoiongelea wanarudi palepale, ni albamu ya unga, ni albamu ya kifo, ni albamu ya mtu anayezama. Ni kweli, yote hayo yamo, siwezi kubisha. Ila kuna kitu wanakiruka na kwangu mimi ndo roho ya albamu nzima, kwamba huyu mtu anayezama karibu kila mahali kuna mwenzake anaimba pembeni yake. Nitarudi hapo.

Kwa asiyewajua, hawa ni jamaa wanne wa Seattle, Layne Staley ndo mwimbaji mkuu, Jerry Cantrell gitaa na sauti ya pili, Mike Starr besi na Sean Kinney dramu. Kwa sababu ya mji na miaka ile watu wamezoea kuwatupa kapu moja na Nirvana, Pearl Jam na Soundgarden, na mi sina ugomvi na hilo jina la grunge, wanaloitwa hao wote wa roki ya Seattle, lakini weka Dirt na uisikilize vizuri, hii ni metali, yaani ile roki nzito. Rifu zake ni za ukoo wa bendi ya Black Sabbath, nzito, za taratibu, zinaburuza miguu. Na hata maisha yao yalikuwa huko, 1991 walizunguka Marekani wakifungua shoo za bendi za metali ya kasi, Slayer, Megadeth na Anthrax, mashabiki waliokuja kutafuta spidi wakawa wanawarushia vitu jukwaani na wao wakakomaa wakapiga mpaka mwisho. Mwaka uliofuata Dirt inatoka wako kwenye ziara ya Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, Layne akavunjika mguu huko njiani, na shoo hakuziacha, akawa anaimba kwenye kiti cha magurudumu, siku nyingine kwa magongo.

Prodyuza ni Dave Jerden, yuleyule aliyewasimamia kwenye Facelift, albamu yao ya kwanza ya 1990. Walianza kurekodi Los Angeles mwishoni mwa Aprili 1992 na mji ukawaka moto wakati huohuo, zile vurugu zilizolipuka baada ya mahakama kuwaachia polisi waliompiga dereva mweusi, Rodney King. Cantrell alikuwa dukani ananunua bia, akashtukia watu wanaingia kupora. Wakafunga mizigo wakakimbilia jangwani, Joshua Tree, pamoja na Tom Araya, mwimbaji wa Slayer, wakakaa huko siku chache mpaka mambo yakatulia ndo wakarudi studio. Vurugu zenyewe hazimo kwenye mashairi hata mstari mmoja, hawa jamaa kwenye hii albamu wanaangalia ndani tu, lakini huwa nafikiria hiyo picha, nje moshi na ving'ora, ndani mtu amesimama mbele ya maiki anapekua vidonda vyake. Na Layne hapo alikuwa ametoka kwenye matibabu ya uraibu muda si mrefu na tayari ameshaurudia unga. Kwahiyo anachokiimba hakikuwa kumbukumbu, kilikuwa kinamtokea wiki hiyohiyo.

Tuje kwenye sauti yenyewe maana hapa ndo pesa yako inaenda. Gitaa za Cantrell zimetyuniwa chini ya kawaida na zimerekodiwa tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba rifu moja unaisikia kama ukuta, ila ukuta ambao unaweza kuona kila tofali. Huo ndo uzuri wa kazi ya Jerden, albamu nyingi nzito ukiongeza sauti zinageuka uji, hii ukiongeza inazidi kufunguka. Besi ya Mike Starr inasikika, sio ile ya kuhisi tu kifuani, unaweza kuifuata noti kwa noti. Dramu za Kinney ndo zinanifurahisha zaidi, jamaa hapigi kwa kujionyesha ila sikiliza Sickman, zile tomu, ngoma za katikati za dramu, anavyozizungusha kama mtu amefungiwa chumbani anapiga mlango, kisha ngoma inageuka ghafla inakuwa ya kuyumbayumba polepole kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea, kisha inarudi kule kwenye fujo. Kwa wasiozoea hiyo ngoma inachosha, nakubali. Kwangu inafanya hasa kazi iliyoitiwa, maana inamhusu mtu anayejiona anaumwa ndani ya kichwa chake na hawezi kutoka.

Sasa zile sauti mbili.

Nenda Rain When I Die, ngoma ya tatu, dakika sita hivi. Inaanza besi na dramu zinazunguka, gitaa linalia juu yake kupitia pedali ya wah kama mnyama fulani, hujui anaumwa au anaita, halafu Layne anaingia. Sauti yake ina kitu cha bati, ina ukali puani, inaweza kupasua huo ukuta wote wa gitaa bila kupiga kelele. Kisha kwenye kiitikio sauti zinaongezeka, na hapo usikimbilie kusikia maneno, sikiliza zile sauti zilivyokaa. Waimbaji wengi wakipanga sauti wanataka ziwe tamu, zilale pamoja. Hawa wanaziweka karibu mno, zinasuguana, kuna noti unahisi moja inataka kutoka nje ya nyingine na haitoki. Haina utamu, ina maumivu yaliyonyooka. Na Cantrell sauti yake ni ya chini, imetulia, haina ule ukali, sasa Layne akipanda juu anaungua, Cantrell anabaki chini ameshika. Nimejaribu kusikiliza nikiifuata sauti ya chini peke yake toka mwanzo wa albamu mpaka mwisho, fanya hivyo siku moja ukiwa na hedifoni nzuri, albamu inabadilika kabisa. Unakuja kuona kwamba karibu kila jambo la kutisha linalosemwa humu limesemwa na watu wawili kwa wakati mmoja.

Ndo maana mi nikiona mtu anasema Dirt ni albamu ya kukata tamaa tu namwambia arudi akasikilize tena. Mtu aliyekata tamaa kabisa haitiki na mtu.

Rooster inataka aya yake peke yake. Cantrell aliandika hii kwa ajili ya baba yake, aliyepigana Vietnam, na Rooster, yaani jogoo, ndo jina ambalo baba yake alikuwa anaitwa nyumbani toka utotoni. Mzee alirudi kutoka vitani na vita vikarudi nae, ndoa ikavunjika, mtoto akakua na baba ambaye hayupo na ambae haongei. Cantrell angeweza kuandika ngoma ya kumlaumu, ana haki hiyo, lakini akafanya kitu kigumu zaidi, akavaa viatu vya mzee, akaandika kana kwamba yeye ndo yuko kule porini na jasho na mbu na risasi na anajiambia hafi leo. Inaanza kimya sana, gitaa linadondosha noti moja moja na sauti za uuuh zinapepea kwa mbali, Layne anaimba beti karibu kwa kunong'ona, halafu pale kiitikio kinapolipuka, jamani, mi mpaka leo nywele zinasimama. Ni dakika sita na haina hata sekunde ya ziada. Kwenye video yake mzee mwenyewe yumo, anaonekana anahojiwa, ana uso wa mtu anayechagua kila neno kabla ya kulitoa, kama hujawahi kuiona itafute. Baba na mwana walianza kusogeleana kupitia huo wimbo, sasa niambie wimbo gani mwingine wa metali umefanya kazi hiyo.

Na kuna kitu nilichelewa kukigundua. Mbele huko karibu na mwisho kuna Hate to Feel, ambayo Layne aliiandika mwenyewe, maneno na mziki, na ndani yake anakiri kwamba aliapa hatakuwa kama baba yake na sasa anajiona yuko palepale. Zisikilize hizo mbili siku moja. Mtoto mmoja anamwendea baba yake akiwa na huruma, anajaribu kuelewa, mtoto mwingine anajiangalia kwenye kioo anamkuta baba yake humo. Hakuna mtu aliyezitangaza hizi kama ngoma pacha na sidhani walikaa chini wakapanga, ila zimo kwenye albamu moja, zimeandikwa na marafiki wawili, na toka nilipoliona hilo siwezi kusikiliza moja bila kuifikiria nyingine.

Nusu ya pili ya albamu ndo ngumu na lazima uijue kabla hujaingia. Kuanzia Junkhead ngoma zinafuatana kama hadithi na bendi wenyewe wamewahi kusema kwamba mpangilio ni wa makusudi. Junkhead ni teja anayejisifu, amenyoosha kifua, anakwambia yeye na wenzake ndo wanajua maisha na nyie wengine hamjui kitu, na rifu yenyewe inatembea kwa maringo. Ukiikata hapo ukaisikiliza peke yake unaweza ukadhani wanausifia unga. Hilo lilimuumiza Layne, 1996 alieleza kwenye mahojiano kwamba mashabiki walikuwa wanamfuata na kumwonyesha dole gumba, wanamwambia nao wako juu, na hicho ndo kitu ambacho hakutaka kabisa kitokee. Nikikumbuka hayo maneno huwa naumia, maana aliandika onyo na kuna watu wakalisoma kama mwaliko. Kwahiyo nakuomba, usiikate. Iache iende.

Maana inayofuata ni Dirt yenyewe, iliyobeba jina la albamu, na ile sifa yote imeshaanguka. Gitaa limepindishwa noti zake kiasi kwamba linasikika kama kitu cha mbali sana, linanyong'onyea, na anayeimba anataka afukiwe, anataka udongo umjae mdomoni. Hapo ndo unaelewa lile kava, picha ya Rocky Schenck, mwanamke amezama nusu kwenye ardhi ya jangwa iliyopasuka, anga lina rangi ya kutu, na huwezi kujua kama anazama au anatoka. Nimeliangalia hilo kava mara nyingi sana na jibu langu linabadilika kila siku. Kisha God Smack, sindano sasa inatajwa wazi, na kisha kipande kifupi cha Tom Araya, nitakigusa mbele, na kisha Hate to Feel ambapo hasira yote imegeuka imemwelekea mwenyewe, na kisha Angry Chair.

Angry Chair nayo ni ya Layne mwenyewe, na humo anapiga na gitaa. Dramu zinaviringika chinichini kama radi ya mbali ambayo haifiki, gitaa linasimama kwenye noti zilezile halitaki kusogea, na sauti zinajibizana, mstari mmoja haujaisha mwingine umeshaingia, na zote ninavyozisikia mimi ni kama ni yeye, anajiuliza na anajijibu. Hapo sasa ndo nasikia upweke wenyewe. Kwenye ngoma nyingine kuna mtu wa kumshika mkono, hapa ni mtu na kiti chake na vivuli vyake ukutani, na ile sauti ya chini iliyotulia unaitafuta huipati. Sijui kama walikusudia. Ila baada ya karibu dakika hamsini za kuizoea, ukikosa kuisikia unahisi baridi.

Na ndo hapo mpangilio wa ngoma unapokuwa na maana kubwa, wanaotaka kununua wasome hii vizuri. Kuna matoleo ambayo Down in a Hole imewekwa ya nne, mapema kabisa, na kuna matoleo ambayo imewekwa karibu na mwisho, baada ya Angry Chair na kabla ya Would?. Chukua hilo la pili. Kama ulilonalo ni la kwanza, panga mwenyewe kwenye simu yako, haichukui hata dakika. Sababu ni kwamba Down in a Hole inaanza sauti zote mbili kwa pamoja toka neno la kwanza, taratibu, karibu kwa upole, na ukiisikia ukiwa umetoka kwenye kile kiti cha Angry Chair ni kama mlango umefunguliwa na mtu ameingia akakaa kando yako, hajaja na suluhisho, amekaa tu. Wimbo wenyewe Cantrell aliuandika kwa mwanamke aliyempenda, kuhusu haya maisha ya mziki yalivyomfanya ashindwe kuwa mtu wa kupendwa vizuri, lakini Layne akiimba shimo linakuwa ni lake pia, na mabawa aliyokatwa ni yake. Ikiwekwa ya nne inabaki wimbo mzuri wa taratibu. Ikiwekwa mahali pake inakuvunja.

Mapungufu yapo, siwezi kukipenda kitu nikakidanganyia watu. God Smack ndo ngoma dhaifu kuliko zote, ile namna Layne anavyotetemesha sauti kwenye beti naielewa nia yake ila masikio yangu hayajawahi kuizoea, inanikumbusha kwamba kuna mtu yuko studio anajaribu kitu, wakati ngoma nyingine zote nasahau kama kuna studio. Dam That River ni rifu nzuri ya kuendeshea gari na haina zaidi ya hapo, ingawa historia yake ina ladha, ilitokana na Cantrell na Kinney kupigana, Kinney akamvunjia mwenzake meza ya kahawa kichwani, wakapatana na ikazaliwa ngoma. Na kile kipande kifupi cha chini ya dakika moja ambacho Tom Araya anapiga makelele, kinaitwa Iron Gland, kwenye matoleo ya zamani hata jina hakikuandikwa, ulikuwa utani wao juu ya rifu moja ambayo Cantrell alikuwa anawasumbua nayo, na mi nikifika hapo huwa naruka. Unatoka kwenye sindano, unaenda kwa baba, katikati mtu anatania, hapana. Kama kuna sekunde 43 ambazo ningezitoa kwenye hii albamu ni hizo.

Urefu pia uwe nao makini. Ni zaidi kidogo ya dakika 57 na karibu hakuna mahali pa kukaa ukacheka. Mi huwa siiweki kama mziki wa kusindikizia kazi, nilijaribu, haikubali, inakuvuta mpaka unaacha kila ulichokuwa unafanya. Na niseme hili bila kuzunguka, kama uko kwenye kipindi kibaya, kama wewe au mtu wako wa karibu ndo mnapambana na unga au pombe sasa hivi, nusu ya pili inaweza ikakugusa vibaya, jamaa anaelezea arosto na ile kiu kwa undani ambao hauna huruma. Wengine wameniambia iliwasaidia kwa sababu kwa mara ya kwanza walisikia mtu anasema ukweli wao bila kuwahubiria. Wengine waliizima katikati. Wote nawaelewa. Isikilize na mtu ikibidi.

Matoleo ya kununua, kwa ufupi. CD ya zamani ya miaka ya tisini bado inasikika safi, haijabanwa sauti kama yalivyo marudio mengi ya siku hizi, ukiikuta mtumba usiiache. Mwaka 2022 ilipotimiza miaka 30 walitoa tena kwenye santuri, sahani mbili, na kwa albamu ndefu hivi sahani mbili ndo sawa kwa sababu mifereji inapata nafasi na besi haisongwi, ila ubaya wake unainuka kugeuza mara tatu na kila ukiinuka lile giza linakatika. Kwa hii albamu mi napenda isikatike. Ukiwa na intaneti tu basi sikiliza hivyohivyo, ila zima ile kitu ya kuchanganya ngoma, tafadhali.

Ilifika namba 6 kwenye chati ya Billboard na imeuza kopi zaidi ya milioni 4 Marekani peke yake, na huwa nashangaa, albamu yenye mambo mazito namna hii kuingia nyumba nyingi kiasi hicho. Ndo ilikuwa ya mwisho kwa Mike Starr, Januari 1993 alitoka kwenye bendi na nafasi yake akaichukua Mike Inez, ambaye alikuwa anapiga besi kwa Ozzy. Layne alifariki Aprili 2002, ana miaka 34. Starr akamfuata 2011. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu hakuficha, aliyasema yote kwenye maiki na bado yalimchukua, na sijui mtu ufanye nini na hilo. Ukimaliza Dirt na ukaweza, tafuta ile shoo yao ya Unplugged ya MTV, ya kupiga bila magitaa ya umeme, iliyorekodiwa Aprili 1996 pale Brooklyn, Layne amekonda, amevaa glavu zisizo na vidole, na wanapiga Down in a Hole kwa magitaa makavu. Muangalie Cantrell, jinsi anavyomtupia jicho mwenzake kabla ya kuingia na ile sauti ya chini.

Lakini kwanza kuna Would?, ya mwisho kwenye Dirt. Ilishatoka mapema mwaka huohuo kwenye nyimbo za filamu ya Singles, na Cantrell aliiandika akimfikiria Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone, rafiki yao wa Seattle aliyekufa kwa heroini Machi 1990, na akiwafikiria pia wale wanaokuwa wepesi kuhukumu. Inaanzishwa na besi ya Mike Starr peke yake, mstari mmoja mweusi unaozunguka, Kinney anaingia polepole, na hapa wamebadilishana viti. Beti zinaimbwa na Cantrell, ile sauti ya chini iliyokuwa imemshika mwenzake albamu nzima sasa ndo iko mbele, inaongea karibu sikioni, na Layne anasubiri. Kiitikio kikifika ndo anapasuka, na anapasuka kweli, baada ya yote hayo kumbe alikuwa bado na pumzi. Wanakwenda hivyo, wanapokezana, mpaka kule mwisho ambapo rifu inabadilika, inakuwa nzito na ya kusukuma, na Layne anauliza kama angeweza, na wewe je, ungeweza, na neno likitoka tu mziki unakatika. Hawakuufifisha wala hakuna mwangwi unaobaki. Huwa nakaa kidogo kabla sijagusa kitu kingine.